Alama ya Mangungo na Namba Yako ya Siri

Tarehe 29 Novemba 1884, huko Msovero katika nchi ya Usagara, sehemu ambayo leo iko ndani ya wilaya ya Kilosa, karatasi moja iliyoandikwa kwa Kijerumani iliwekewa alama. Upande mmoja alikuwepo Carl Peters, kijana wa miaka 28 aliyekuwa ameingia bara akitokea Saadani pamoja na wenzake Karl Jühlke, Joachim von Pfeil na August Otto. Upande wa pili alikuwepo Mangungo, ambaye karatasi ile ilimpa cheo cha Sultani wa Msovero. Juu, karatasi ilizungumzia urafiki wa milele. Chini ya urafiki huo ilisema kwamba Mangungo anatoa nchi yake yote, pamoja na haki zake zote, kwa chama cha Wajerumani wenye nia ya kufanya ukoloni, waitumie wao na wasiitumie wengine.

Namna kazi ile ilivyofanyika tunaijua kwa sababu Peters mwenyewe aliisimulia baadaye, tena kwa majigambo. Wageni walifika, zawadi zikatolewa, vinywaji vikamiminwa, maneno ya Kijerumani yakasomwa kwa sauti mbele ya watu wasiojua Kijerumani, alama ikawekwa, bendera ikapandishwa, bunduki zikapigwa hewani. Kisha msafara ukaondoka kwenda kwa mkubwa mwingine. Ndani ya wiki chache walikuwa na rundo la karatasi za namna hiyo kutoka Usagara, Unguu, Uzigua na Ukami. Tarehe 27 Februari 1885, siku moja baada ya Mkutano wa Berlin kufungwa, Kaiser Wilhelm I alitoa hati ya kuzilinda. Sultani Barghash wa Zanzibar alipopinga, Agosti mwaka huohuo alitembelewa na meli za kivita. Alama ya mtu mmoja wa Msovero ikawa imesafiri mbali kuliko mwenyewe alivyowahi kufika.

Kila aliyesoma shule Tanzania anamjua Mangungo. Bungeni mtu akiona mkataba mbovu wa madini atasema ni mkataba wa Mangungo. Vijiweni ukiuza kiwanja kwa bei ya kutupa utaitwa Mangungo. Jina limegeuka kuwa tusi la upole lenye maana ya mtu aliyepigwa huku anacheka.

Mimi nadhani somo tulilochukua Msovero ni nusu tu, na nusu tuliyoiacha inatugharimu hela kila siku kwenye simu zetu. Makala hii inahusu nenosiri, au nywila kama wanavyoandika wataalamu wa lugha, au paswedi kama tunavyosema sisi wengine. Inaanzia kwa Mangungo kwa sababu pale Msovero hakuna mlango uliovunjwa. Alikuja mgeni mwenye maneno mazuri, akaja na haraka, akaja na maandishi ambayo mmoja tu kati ya wawili aliweza kuyasoma, akaomba kitu kidogo sana: alama. Ukimsikiliza mtu aliyetapeliwa kwenye simu wiki iliyopita, utasikia mambo hayohayo manne, na kwa mpangilio uleule.

Namba iliyokuwa mtu

Baada ya karatasi za Peters zikaja karatasi nyingine nyingi. Kilosa ilijengwa boma, ikapitiwa na reli ya kati, na mashamba ya mkonge yakaenea kuelekea Kimamba na Rudewa. Wafanyakazi wa mkonge walikuwa na kitu kilichoitwa kipande: kadi yenye nafasi za siku 30 za kazi. Ukimaliza kazi ya siku, siku yako inawekewa alama. Ikijaa, unalipwa. Kipande kilikaa kwako, lakini kalamu ilikaa kwa karani. Karani akisema kazi ya jana haikutimia, jana yako imepotea.

Wengi wa wafanyakazi hao waliletwa kwa mkataba kutoka mbali, na kuanzia mwaka 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi yao maalumu ya kukusanya watu, iliyojulikana kama SILABU. Wenyeji wakawaita watu hao manamba, kwa sababu kila mmoja alikuwa na namba. Ni neno zito. Mtu anatoka kwao na jina, ukoo na utani wake, akifika shambani anakuwa tarakimu kwenye daftari la mwingine. Asiyejua kuandika alibonyeza dole gumba kwenye wino.

Hapo kuna tofauti ambayo tunaisahau hadi leo. Namba ya manamba ilimtambulisha, ila haikumlinda. Kila mtu shambani aliijua. Siri ni kitu kingine: ni kile ambacho wewe peke yako unakijua, kinachothibitisha kwamba anayeitaja namba ile ndiye mwenyewe. Namba ya simu, namba ya NIDA, namba ya mtihani wa kidato cha nne, hizi zote ni namba za kukutambulisha. Zinapita mikono mingi, zinatolewa kopi, zinaachwa kwenye madaftari ya wageni gesti za Mikumi. Hazifai kuwa siri hata siku moja.

Na hapa angalia jambo dogo. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za kwanza ni tarehe yako ya kuzaliwa: mwaka, mwezi, siku. Maana yake kila kopi ya kitambulisho chako iliyobaki juu ya meza ya mtu inabeba siku yako ya kuzaliwa. Kama namba yako ya siri ni mwaka uliozaliwa, au siku na mwezi, basi umeshaigawa kwa kila aliyewahi kukutolea kopi.

Paswedi ya kwanza na mwizi wa kwanza

Paswedi ya kompyuta haikuzaliwa kwa ajili ya kuzuia majambazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 chuo cha MIT, Marekani, kilikuwa na kompyuta kubwa ambayo watu wengi waliitumia kwa zamu. Kikundi kilichoongozwa na Fernando Corbató kilitengeneza mfumo ulioitwa CTSS, uliooneshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1961, wa kuwawezesha watu wengi kuitumia mashine moja kwa wakati mmoja. Kila mmoja alikuwa na mafaili yake na saa zake alizopangiwa. Ili fulani asiingie kwenye vitu vya fulani, kila mtu akapewa neno lake la siri.

Mwaka 1962 mtafiti kijana, Allan Scherr, aliona saa alizopewa hazimtoshi. Hakukaa kubahatisha maneno ya wenzake. Aliiomba mashine imchapishie faili lenye manenosiri ya watu wote, na mashine, kwa utiifu, ikamchapishia. Kesho yake akayachukua, akaendelea na kazi yake kwa kutumia saa za wengine. Alikaa miaka mingi kabla ya kusema. Mwaka 1966, kwenye mfumo huohuo, mafaili mawili yalibadilishana nafasi kwa bahati mbaya, na kila aliyeingia akakaribishwa na orodha ya manenosiri ya wote badala ya tangazo la siku.

Yaani ndani ya miaka mitano ya kwanza ya maisha yake, paswedi ilikuwa imeshavuja mara mbili, na zote mbili hakuna aliyebahatisha. Mara ya kwanza mtu aliomba akapewa. Mara ya pili mtunzaji aliteleza. Hadi leo hizi ndizo njia kuu mbili. Corbató mwenyewe, akiwa mzee, aliliambia gazeti la Wall Street Journal mwaka 2014 kwamba mambo ya manenosiri yamekuwa kama jinamizi.

Kwetu kompyuta zilichelewa. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya jaribio la kuzitumia kwenye hesabu za Hazina kuleta hasara na vurugu. Marufuku hiyo ililegezwa baadaye, lakini Watanzania wengi hawakukutana na nenosiri kwenye kompyuta. Walikutana nalo kwenye simu ya kubonyeza, likiwa na tarakimu nne.

Tarakimu nne

Kwa nini nne? John Shepherd-Barron, Mwingereza ambaye mashine yake ya kutoa fedha ilifunguliwa benki ya Barclays huko Enfield, London, mwaka 1967, alisimulia kwamba yeye alifikiria sita, kwa kuwa namba yake ya jeshini ilikuwa ya tarakimu sita. Akamuuliza mkewe wakiwa mezani jikoni. Mkewe akasema yeye anaweza kukumbuka nne tu. Kwa masimulizi hayo, kipimo cha siri ya dunia nzima kilitoka kwenye kumbukumbu ya mama mmoja jikoni, na sioni ubaya. Siri isiyokumbukika huandikwa nyuma ya simu.

M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, ikaingia Tanzania mwaka 2008, na mitandao mingine ikafuata. Ghafla mkulima wa vitunguu, mama muuza samaki, fundi baiskeli, wote wakawa na akaunti na namba ya siri. Tarakimu nne zinatoa michanganyiko 10,000. Si mingi, ila mfumo unakufungia ukikosea mara chache, kwa hiyo mwizi hana nafasi ya kujaribu yote. Tatizo ni kwamba watu hawachagui kutoka kwenye hiyo 10,000. Wanachagua 1234, 0000, mwaka wa kuzaliwa, mwaka wa mtoto. Mtu anayejua kwamba una umri wa miaka thelathini na kitu hana haja ya michanganyiko 10,000. Ana miaka kumi tu ya kujaribu.

Hata hivyo, tuseme ukweli, wengi walioibiwa hawakubahatishiwa. Waliombwa. Ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii" umeshakuwa kama salamu ya taifa. Kuna anayejifanya huduma kwa wateja, kuna anayejifanya mwalimu wa mtoto wako aliyelazwa, kuna aliyekutumia pesa "kimakosa" na sasa analia. Serikali imejibu kwa sheria na mashine: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kisha usajili wa laini kwa alama za vidole ulioanza Mei 2019 na kufikia mwisho Januari 2020. Dole gumba la zama za mkonge likarudi, safari hii kwenye kioo cha wakala.

Lakini utapeli haukuondoka. Ripoti za robo mwaka za TCRA za miaka ya karibuni zimekuwa zikiutaja mkoa wetu wa Morogoro, pamoja na Rukwa, miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa majaribio ya ulaghai wa simu. Isome tena hiyo. Peters wa leo hatoki Ulaya kwa meli. Anaweza kuwa anakunywa chai kwenye mkoa uleule ilikowekwa alama ya Mangungo, na anaongea Kiswahili kizuri tu, cha heshima, cha "shikamoo mama".

Mwandishi wa barua amerudi

Zamani, mtu asiyejua kuandika alikwenda karibu na boma au posta kumtafuta mwandishi wa barua. Alimweleza habari za nyumbani, naye akaziandika. Siri zote za mji zilipita kwa watu hao wachache, na mji ulijua nani ni mwaminifu na nani mdomo wazi.

Mwandishi huyo amerudi, na sasa anakaa steshenari. Pita mji wowote wa wilaya wakati wa maombi ya mkopo wa chuo. Kijana ametoka kijijini na vyeti kwenye bahasha. Bodi ya Mikopo inataka maombi ya mtandaoni, chuo kinataka, Sekretarieti ya Ajira baadaye itataka. Yeye hana barua pepe. Mtu wa steshenari, mwenye foleni ya watu kumi na tano na umeme usioaminika, anamfungulia barua pepe, anabuni paswedi, anaijaza kwenye fomu, anapokea hela yake, anaita anayefuata. Mara nyingi paswedi ni ileile kwa wateja wote, kwa sababu yeye naye ni binadamu na anataka kukumbuka. Mara nyingi namba ya simu ya kurejesha akaunti ni ya steshenari.

Kijana anaondoka na risiti. Miezi inapita. Majina yanatoka, anaambiwa kuna kiambatisho kina kasoro, aingie arekebishe kabla ya tarehe fulani. Hajui paswedi. Hajui hata anwani yake ya barua pepe inaandikwaje, kama kuna nukta au hakuna. Steshenari imehama, au kijana wa steshenari ameenda Dodoma kutafuta maisha. Dirisha linafungwa na mwaka umekwenda.

Hakuna mwizi kwenye hadithi hii, na ndiyo sababu naiona nzito kuliko ya tapeli. Wote wawili walikuwa na nia njema, ila mmoja alikuwa na kalamu na mwingine alikuwa na alama tu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Ni sheria nzuri. Lakini kati ya sheria hiyo na meza ya steshenari siku ya mwisho ya maombi kuna umbali kama wa Msovero na Berlin.

Dawa yake ni ndogo na haihitaji bunge. Ukimpeleka mdogo wako steshenari, mwambie mambo matatu. Wakati wa kuandika paswedi, akae yeye kwenye kibodi, hata kama anaandika kwa kidole kimoja na foleni inanung'unika. Namba ya simu ya kurejesha iwe yake au ya mzazi, isiwe ya dukani. Na kabla ya kuondoka atoke kwenye akaunti kabisa, kisha aingie tena mwenyewe ili ahakikishe anaijua njia. Ni dakika tano zinazookoa mwaka.

Funguo na kufuli

Kwa wengine wenye akaunti nyingi, historia imetuachia mafunzo machache yaliyolipiwa kwa gharama kubwa.

La kwanza: paswedi moja isifungue milango miwili. Mwaka 2012 mtandao wa LinkedIn uliibiwa manenosiri ya wateja wake, na mwaka 2016 ikajulikana kwamba walioguswa walikuwa zaidi ya milioni 100. Mwaka huohuo wa 2016 wahuni waliingia kwenye akaunti za Twitter na Pinterest za Mark Zuckerberg, mwenye Facebook mwenyewe, na ikaripotiwa kwamba paswedi iliyotumika ilikuwa "dadada", ileile ya kwenye LinkedIn. Wewe unaweza kuwa makini kama mlinzi wa benki, lakini mtunzaji akiteleza kama kule MIT mwaka 1966, paswedi yako inakuwa sokoni. Kama ni ya mlango mmoja, umepoteza mlango mmoja. Kama ni ya milango yote, umepoteza nyumba.

La pili: anza na barua pepe. Ndiyo funguo mama. Mwenye barua pepe yako anaweza kubonyeza "nimesahau nenosiri" kwenye kila kitu kingine, na kila kitu kitamtii. Kama utabadili paswedi moja tu mwaka huu, badili hiyo.

La tatu: urefu unashinda vikorokoro. Mwaka 2003 Bill Burr, mtumishi wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, aliandika mwongozo uliosambaa dunia nzima: changanya herufi kubwa, namba na alama, badilisha kila baada ya muda fulani. Ndiyo maana ofisi nyingi bado zinatusumbua kila miezi mitatu, nasi tunageuza 1 ya mwisho kuwa 2. Mwaka 2017 NIST iliachana na ushauri huo, na Burr mwenyewe akasema hadharani kwamba anayajutia mengi aliyoandika. Ushauri wa sasa ni paswedi ndefu, ya kipekee, na kuibadilisha pale tu kuna sababu ya kuamini imevuja.

Hesabu yake ni rahisi. Herufi nane ndogo zilizochaguliwa ovyo zinatoa michanganyiko kama bilioni 208. Maneno manne yaliyochaguliwa ovyo kutoka orodha ya maneno 2,000 yanatoa trilioni 16, na ni rahisi zaidi kukumbuka. Sisi wapenda vitabu tuna bahati: chukua kamusi, fumba macho, fungua ukurasa, weka kidole. Fanya hivyo mara nne. Ukipata kinu, faraka, posta, ngiri, basi tunga kichwani hadithi ya ngiri aliyefarakana na kinu akaenda kushtaki posta. Huwezi kuisahau. (Usiitumie hii, imeshachapwa.) Ila maneno yachaguliwe na kidole, yasichaguliwe na moyo. Moyo utachagua jina la mtoto, timu ya mpira, mstari wa shairi unalolipenda. Na methali usiiguse kabisa. "Habanahaba" inafahamika na watu wote tunaotaka kuwafungia nje.

La nne: kuandika si dhambi. Miaka yote tumeambiwa tusiandike paswedi popote. Lakini anayekuwinda kutoka mbali hawezi kufungua kabati la chumbani kwako. Daftari dogo linalokaa nyumbani mahali pazuri ni salama kuliko paswedi moja rahisi unayoikumbuka kwa kila kitu. Mwenye simu janja anaweza kutumia programu ya kutunza manenosiri, akakumbuka moja tu refu la kuifungulia. Kinachokatazwa ni kuiandika nyuma ya simu, kuipiga picha, au kujitumia kwenye WhatsApp.

La tano: washa uthibitisho wa hatua mbili, na namba ya uthibitisho inayoingia kwa ujumbe isitoke kinywani mwako. Akaunti nyingi za WhatsApp zinatekwa kwa njia hii: rafiki, ambaye akaunti yake imeshatekwa, anakwambia "nimekutumia namba sita kimakosa, nirushie." Hizo sita ni alama yako. Ukimpa umeshaweka sahihi. Na kwa kuwa laini yako sasa ni sehemu ya ufunguo, ukiibiwa simu, kuifunga laini ni kazi ya saa ileile, usingoje kesho. Ukiiacha laini ya zamani, iondoe kwanza kwenye akaunti zako, maana namba iliyolala mtandao unaweza kumuuzia mtu mwingine.

Bibi na mjukuu

Sasa, matangazo yote yanasema: usimpe mtu yeyote namba yako ya siri. Ni kanuni nzuri, na nusu ya nchi haiwezi kuifuata. Bibi mwenye mtoto wa jicho haoni tarakimu. Anamtuma mjukuu kwa wakala, anampa simu na namba. Mwingine anampa wakala mwenyewe simu na kusema, "mwanangu, nitolee elfu ishirini." Kumwambia bibi huyo asimwamini mtu ni kumwambia asile.

Ushauri unaofaa ni wa aina nyingine. Awepo mtu mmoja anayejulikana na ukoo mzima, asiwe yeyote aliyeko karibu. Simu ya bibi isibebe akiba yote, ibebe ya matumizi tu. Namba ibadilishwe mtu huyo akihama. Na bibi afundishwe kanuni moja asiyohitaji macho kuifuata: anayepiga simu kuomba namba ya siri, awe nani, awe na heshima ya namna gani, ni mwizi. Mtandao hauna haja ya kuomba kitu hicho, na benki haina. Akishaombwa, akate simu, ampigie mwanawe.

Halafu lipo la mwisho, na ndilo linaloturudisha Msovero. Watu wengi waliotapeliwa hawasemi. Mwalimu mstaafu aliyepoteza kiinua mgongo, mfanyabiashara aliyebonyeza kiungo, wanakaa kimya, kwa sababu wanajua wataitwa nani. Wataitwa Mangungo. Ukimya huo ni mali kwa tapeli: maneno aliyoyatumia jana kwa jirani atayatumia leo kwako, na hujayasikia bado. Namba iliyokutapeli unaweza kuituma 15040 bila gharama ya aibu yoyote, na kwa *106# unaweza kuona ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Lakini zaidi ya hapo, mweleze jirani, msimulie mke, waambie wanakikundi wa vikoba jinsi ilivyokuwa, neno kwa neno.

Peters alikwenda Msovero baada ya kupita kwa wengine, na akaendelea kwa wengine baada ya Msovero, akiwa na karatasi za aina ileile na maneno yaleyale. Alisafiri haraka kuliko habari zake. Tumetumia zaidi ya miaka 100 kumcheka aliyeweka alama, na muda mchache sana kumchunguza aliyeandika karatasi. Tungefanya kinyume, pengine leo tungemtambua mapema zaidi anapopiga simu.

Mangungo hakuweza kuirudisha alama yake. Ikishawekwa ilikuwa ya Berlin. Paswedi haina ukatili huo: hata kama umeigawa miaka yote hii, kwa steshenari, kwa shemeji, kwa LinkedIn, unaweza kuibadilisha usiku huu kabla hujalala. Anza na ya barua pepe.